Maziwa ya Mwaka Mpya

Kati ya Machi na Aprili, kabla jua la Riyadh halijaanza kuua, sisi wafanyakazi kutoka nje tulikuwa na sikukuu zetu za kuficha. Dereva wa jirani, Mnepali, alirudi kutoka kwa wenzake, kwenye sikukuu yao ya kurushiana rangi, na sikio la waridi. Alilisugua wiki nzima, na akiulizwa alisema ni ugonjwa wa ngozi. Mimi, mtumishi wa ndani, Pasaka yangu niliiimba bafuni, bomba likiwa wazi. Kule Jeddah, kwa mama yake madam, mwajiri wangu, tulikokwenda likizo ya shule, jirani Mmisri alituletea mayai ya sikukuu yake, aliyoyachemsha na maganda ya vitunguu mpaka yakawa mekundu. Yeye hakuficha, maana hakuishi jikoni kwa mtu.

Lakini sikukuu iliyonitia hofu kuliko zote ilikuwa ya mpishi wetu. Alikuwa mama wa Sri Lanka, mkubwa kwangu, na nilimwita akka, ndivyo dada mkubwa anavyoitwa kwao. Tulilala chumba kimoja nyuma ya jiko, katika nyumba ya madam mtaa wa Al-Naseem, Riyadh. Mkataba wake ulikuwa umekwisha kitambo. Kila alipoomba kurudi kwao, bosi, mume wa madam, alisema inshallah, na madam akasema baada ya Ramadhani, na Ramadhani zikapita. Bila ruhusa ya bosi hutoki nchini. Binti aliyemwacha akijifunza kusoma sasa alikuwa anamzidi kimo, kwa picha za simu.

Kwao mwaka mpya huingia Aprili, na huingia kwa maziwa. Wanajimu hutangaza saa njema, mama wa nyumba hubandika maziwa, huelekea upande uliotajwa, na huyaacha mpaka yafurike na kumwagikia moto. Yasipofurika, baraka ya mwaka imekwama sufuriani. Akka hakuwahi kuyachemsha tangu aje, na alikuwa ameamua kwamba hilo ndilo lililomfunga.

“Mwaka huu lazima,” aliniambia. “Wewe shika mlango.”

Nilikasirika kwelikweli. Jeddah tulikuwa tumesikia habari za mfanyakazi aliyechukuliwa na polisi kwa sababu ya kitambaa kilichofungwa uzi ndani ya begi lake. Walisema ni uchawi. Kitambaa tu! Sasa huyu anataka kusimama mbele ya jiko jipya la madam, anautazama ukuta, ananong’ona, na maziwa yanamwagika?

“Akka, ukitaka kufa, kafie kwenu.”

“Ndiko ninakotaka kwenda,” akajibu.

Basi nikashika mlango. Ilikuwa asubuhi, watoto wako shule, madam amelala juu. Akka alikuwa amevaa blauzi ya buluu chini ya yunifomu, rangi iliyotajwa na wanajimu mwaka ule. Jicho langu moja lilikuwa kwenye ngazi, la pili kwenye sufuria.

Maziwa yakaanza kupanda. Madam alikuwa amenifokea sana kuhusu jiko lile, na kabla yake mama yangu mzazi alinifundisha kwa mwiko kwamba msichana haachi maziwa yakamwagika. Nilijikuta mbele ya jiko, mkono umeruka wenyewe. Nikaiondoa sufuria motoni, povu likanywea.

Akka aliitazama sufuria mkononi mwangu.

“Halas,” akasema. “Mwaka umeisha.”

Nilitamani ardhi inimeze. Nikairudisha sufuria, nikafungulia moto wote. “Bado, akka. Saa haijapita. Tazama ukuta wako.” Sasa mimi, mtoto wa kanisa, ndiye niliyekuwa nayabembeleza maziwa ya watu yapande.

Ndipo nikasikia ndala za madam kwenye ngazi.

Maziwa yakafika ukingoni, yakasita chini ya utando wake, kisha yakafurika pande zote. Moto ukachacharika, harufu ya kuungua ikajaa jikoni. Akka akafumba macho akacheka. Sikuwahi kumsikia akicheka hivyo.

Madam alipotokea mlangoni nilikuwa nimeshamsukuma akka kando na kitambaa cha kupangusia kiko mkononi mwangu. “Ni mimi, madam. Nimeyasahau maziwa. Samahani, madam.”

Alinitukana mimi na nchi yangu. Nilipangusa nikiwa nimeinama, nikingoja neno uchawi. Halikuja. Nikamshukuru Mungu kimoyomoyo, nikaona tumepona.

Kisha akamgeukia akka, sauti imelainika. “Umeona? Bosi alikuwa ameshakubali uende mwezi ujao. Nitakuachaje uende, na huyu hata maziwa hawezi kuyaangalia? Mafi. Hakuna safari mpaka ajue kazi.”

Akarudi juu. Mimi sikuweza kuinua uso. Nilisikia friji ikifunguliwa, kisha maziwa mengine yakimiminwa sufuriani.

“Yalla, haya,” akka akaniambia, na akawasha moto. “Jifunze haraka.”