Sauti ya Tano Kwenye Kaseti

Ninachokusimulia kilinitokea mimi mwenyewe, wala sikuota. Sikuwa na homa, na pombe sijaionja tangu nizaliwe. Ukitaka kucheka, cheka sasa hivi umalize, maana huko mbele hutapata nafasi.

Miaka ya tisini ndiyo kwanza ilikuwa imeanza. Nilikuwa mwanafunzi Minneapolis, Marekani, na kila Jumamosi tulikuwa na kwaya yetu ya Waafrika Mashariki kule mtaa wa Phillips, chini ya kanisa moja la Wazungu waliotuazima ukumbi. Mimi niliongoza sauti ya pili. Nisijisifu, lakini nilikuwa naimba, jamani! Watu walikuwa wakigeuka kunitazama, na nilipenda wageuke. Baridi ya kule, upweke, mitihani, vyote nilivimudu kwa sababu ya ile sauti.

Mwalimu wetu alikuwa Wekesa, Mkenya, nesi kwa kazi, mkali kwa muziki. Krismasi ilipokaribia wenyeji walituomba tuimbe nao, naye akaleta sidii ya kwaya ya Uingereza: nyimbo mpya za kanisani, zimetungwa juzijuzi tu, hazina kinanda wala ngoma, sauti tupu ndani ya kanisa la mawe. Nota hatukuwa nazo. Akafanya kama tulivyozoea nyumbani: akarekodi kaseti nne, akampa kila kiongozi wa sauti kaseti yake.

"Mtaenda ku-listen, kila mtu aandike part yake kwa do-re-mi," akasema. "Na msiniletee mambo ya exams, sawa?"

Basi jioni moja nimekaa kituo cha basi, wokimeni ya kaseti masikioni, karatasi gotini. Desemba kule giza linaingia watu hawajatoka hata kazini. Wimbo ukaisha, nikangoja mashine ijizime. Badala yake nikasikia mwanamke anaimba peke yake, mstari mmoja, halafu kimya. Tena mstari uleule, kimya. Kwaya ina sauti nne, na huyu hakuwa katika yoyote kati ya hizo. Alikuwa anaanzisha, na hapakuwa na wa kumpokea.

Sasa niambie, wewe uliyelelewa katika kanisa letu, ungefanyaje? Kwetu Upareni mtu akianzisha wimbo humwachi akining'inia, hata kama ameukosea. Ni aibu ya usharika mzima. Mzungu angesikiliza akanyamaza. Mimi, kabla sijafikiri, nikaitikia kwa sauti kamili pale kituoni.

"Asante," mtu akasema kando yangu.

Niligeuka. Kwenye benchi alikuwepo mwanamke wa makamo, amevaa joho la kwaya, bila koti, bila kofia. Niamini, baridi ile ilikuwa ya kugandisha kope. Pumzi yangu ilitoka kama moshi wa jiko la kuni. Kinywani mwake hamkutoka hata moshi. Mpaka leo sijui alisema kwa lugha gani, nilielewa tu.

"Nimeanzisha muda mrefu mno," akasema. "Wote husikiliza, hakuna anayeitikia. Sasa umenipokea. Shika nafasi yangu."

Nilitaka kumuuliza, nafasi gani? Basi likaja, mlango ukafunguka, akapanda mbele yangu. Nikamfuata, na si kwa ujasiri, niliogopa kubaki pale. Ndani mlikuwa na dereva na viti vitupu.

Jumamosi nikafungua kinywa kuimba, hola. Kuongea naongea, kama unavyonisikia. Lakini nikianza wimbo, unatoka upepo. Madaktari walichungulia koo langu wakaliona zima. Wekesa akaicheza kaseti yangu mpaka mwisho, na hapo uso ukambadilika.

"Si hii ni voice yako, dada?"

Kweli nilikuwa mimi, naanzisha mstari ule, nangoja, naanzisha tena. Akacheza na sidii yenyewe. Baada ya wimbo hapakuwa na chochote.

"Choma hii kitu," akaniambia, na hakuigusa tena.

Sikuichoma. Wewe ungeweza kuchoma sauti yako? Niliitia kwenye soksi nikaificha chini ya nguo sandukuni, nikahama nayo hadi New Hope, nje kidogo ya mji, nikaolewa, nikazaa. Binti yangu sijawahi kumwimbia. Alipolia nilimpigapiga mgongoni tu, na mara nyingine tulilia wote wawili.

Alipokuwa mkubwa wa kuanza shule, mchana mmoja nakanda unga, nikasikia sauti yangu sebuleni. Alikuwa amepekua sanduku langu na kuiweka kaseti kwenye redio.

"Mommy, it's you!" akapiga kelele kwa furaha.

Akasimama wima kama wanavyosimama watoto wa kwaya, akavuta pumzi ampokee mama yake. Adabu hiyo nilimfundisha mwenyewe, kwamba mtu haachwi akiimba peke yake.

Kwa kitambo kidogo sikusogea. Koo langu lilijaa, kama linavyojaa mtu anapotaka kuimba, na nikajua akiitikia tu, nitapona, na nafasi yangu ataishika yeye. Halafu nikamrukia, nikamziba mdomo kwa kiganja chenye unga, nikang'oa waya ukutani. Mtoto alilia mpaka akalala.

Kuichoma kaseti bado nilishindwa. Nikaitupa kwenye pipa la taka la jengo letu. Asubuhi nikarudi kuitazama, ndiyo, nilirudi, na mtu alikuwa ameshaiokota.

Kwa hiyo nisikilize vizuri. Ukikutana na kaseti isiyo na jina, na baada ya kwaya ya Waingereza ukasikia mwanamke anaanzisha wimbo na kungoja, huyo ni mimi. Najua ulivyolelewa, na najua utanionea huruma. Usinipokee. Na siku ukinikuta kanisani naimba, tena kwa sauti ile ya zamani, usinipongeze.