Mchaichai Nje ya Ua

Mchaichai ukikatwa asubuhi, umande ukiwa haujakauka, harufu yake hukaa vidoleni hata baada ya kunawa. Ndiyo harufu niliyokwenda nayo shuleni nikiwa darasa la tano, kwetu karibu na Awasi, msimu ambao dada yangu Adhiambo alizidiwa. Alizaliwa na selimundu, ugonjwa wa damu unaoshambulia mifupa kwa maumivu, na daktari wa Kisumu alikuwa amesema anywe maji kwa wingi na asipigwe na baridi. Maji matupu yalimchefua. Basi Mama akaamua kwamba maji yatakuwa chai.

Chai hiyo haikuwa na majani ya chai hata kidogo, ingawa mashamba ya Kericho hayakuwa mbali. Mama aliyakunja majani marefu ya mchaichai, akayafunga fundo, akayatumbukiza kwenye sufuria maji yakianza kutoa mapovu madogo. Ikafuata tangawizi iliyopondwa na maganda yake. Majani machanga ya mlimau yaliingia mwisho kabisa, kuni zikiwa zimekwisha kuvutwa nje. Nilitaka kujua kwa nini mwisho. Kwa nini fundo. Kwa nini maganda.

"Ukiuliza tena nitakuchemsha wewe," Mama alisema.

Adhiambo, msichana wa miaka kumi na saba aliyelazwa kwenye mkeka karibu na mlango ili apate jua, alicheka mpaka akajishika kiuno. "Usimchemshe, Mama. Huyu wakili ataanza kubishana na tumbo langu."

Alikunywa kwa kupuliza, jasho likimtoka puani, na vidole vyake vilivyovimba vikalegea kidogo kidogo juu ya kikombe. Nimesoma mengi tangu wakati ule na bado sijui kilichomsaidia. Labda yalikuwa maji ya moto tu. Labda alijifanya amepata nafuu ili Mama apumzike; angeweza kabisa kufanya hivyo.

Alifariki mchana mmoja, kabla mvua ya masika haijaanza. Mama aliambiwa akiwa jikoni anaponda tangawizi, na aliendelea kuiponda, polepole, mpaka ikawa maji.

Kwetu, msichana akifariki kabla ya kuolewa hazikwi ndani ya boma la baba yake. Huzikwa nje ya ua, kwa sababu boma lake halisi, wanasema, ni lile ambamo angeolewa. Baba Mkubwa, kaka yake Baba, ndiye aliyelisema jambo hilo, kwa upole, akiwa ameshika kofia mkononi. Nikauliza mbele ya watu wote, "Boma gani hilo? Mbona hao hawajaja kulia?" Shangazi alinivuta mkono hadi nyuma ya nyumba. Nilimsubiri Mama akatae. Hakukataa. Alisema tu, "Sawa, nje. Lakini karibu na ua, Mzee. Karibu kabisa." Nilimchukia wiki nzima. Mtoto wake mwoga wa baridi, aliyelala na soksi hata Januari, alikuwa amelazwa upande wa ng'ombe wa watu na wapita njia.

Mvua iliponyesha, Mama aling'oa mashina ya mchaichai kando ya jikoni, akayabeba kwenye beseni, akatoka nje ya ua. Aliyapanda upande wa mbali wa kaburi, mstari ulionyooka, kisha akaukunja mstari huo pande zote mbili mpaka ukagusa ua wetu. Hakumweleza mtu. Kufikia mavuno mchaichai ulikuwa umefika kiunoni mwangu. Ndipo Baba akachukua panga akaufyeka ua wa zamani, kipande kile tu kilichokuwa kati ya nyumba na kaburi.

Baba Mkubwa alikuja, akasimama, akatazama kwa muda mrefu. "Omera, ndugu yangu, ua wako umetembea?"

"Ng'ombe waliuvunja," Baba alisema.

Hatukuwa na ng'ombe. Baba Mkubwa aliutazama mchaichai, akamtazama Mama, akavuta kiti. "Basi nipeni chai," alisema.

Siku hizi naishi Kisumu, Mamboleo, katika chumba ambacho hakina mahali pa kupanda chochote. Chai ya mchaichai inauzwa mikahawani, ndani ya glasi, jani moja likiwa limesimamishwa kama pambo. Huwa siinywi. Bado naamini desturi ile ni ya kikatili, na kwa miaka mingi nimemlaumu Mama kwa kuizunguka badala ya kuivunja. Mwezi uliopita nilimwambia hivyo, tukiwa jikoni kwake. "Ungekataa tu, Mama."

"Ningekataa, wangemzika wakiwa wamekasirika," alisema. "Sikutaka mtu yeyote amtupie udongo kwa hasira."

Alinimiminia chai, akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni jinsi wanavyotazamwa mabinti waliopita umri wa kuulizwa habari za wachumba.

"Na wewe wakili, ndiyo hutaki kuolewa?"

"Sijui, Mama. Labda sitaki."

"Basi uniambie mapema," alisema akicheka, "nianze kupanda mchaichai mwingine."

Nami nilicheka. Halafu nikaona ameacha kucheka, anatazama nje mlangoni, anapima kwa macho nafasi iliyobaki kando ya Adhiambo.