Upepo wa Ploti Namba Kumi na Saba

Kioko aliingia Doha mwaka 2010 akapewa kazi ya ulinzi kwenye majumba ya The Pearl, kisiwa cha matajiri. Alilinda vyumba vyenye taa na maji ya moto, na vingi havikuwa na mtu. Sasa mtu wa namna hiyo, ukimwonyesha karatasi yenye picha za lami na nguzo za umeme katika nyika ya Kajiado, si ataamini? Aliamini! Aliuziwa mbuzi kwenye gunia, na gunia akalibeba kwa furaha.

Wakenya kumi na wawili wa Najma, mtaa wa hapo Doha, walinunua ploti pamoja naye. Maji hayakuja, umeme haukuja, lami ndiyo usiseme. Wauzaji walidai huduma zitaletwa watu wakishajenga. Watu nao wakasema watajenga huduma zikishaletwa. Aliyejenga ni Kioko peke yake, kwa sababu paa la mamake kule Kitui lilikuwa limeoza na mvua ilimnyeshea kitandani. Akamhamishia mama wa watu kwenye nyumba ya mawe, peke yake, katikati ya vigingi na nyasi kavu.

"Majirani wako njiani, Mama," alimwambia.

Kila Ijumaa saa nne asubuhi alimpigia. Mama alikuwa amekaa barazani, na nyuma ya sauti yake ni upepo tu. "Nalala fofofo," alisema kila mara, na Kioko akaishi wiki nzima kwa neno hilo.

Ijumaa moja ya Novemba 2016 simu ilikuwa imezimwa. Saa tano, imezimwa. Saa sita, imezimwa. Kioko akatoka mbio hadi kwa Kwamboka, muuguzi wa hukohuko Najma, mwenye ploti ya kumi na nane, inayopakana na yake.

"Kwani wewe utajenga lini?" alimbwatia, salamu hakuna.

"Nilikuwa nangoja maji yafike kwako kwanza," Kwamboka akajibu, macho chini. Kisha akamtafutia namba ya Njenga, muuza maji kwa mkokoteni wa punda sehemu zile, wakamsihi akatazame.

Njenga alituma picha. Mlango umefungwa kufuli. Utando wa buibui umetanda kutoka kwenye kufuli hadi kwenye fremu. Kwenye vumbi la baraza, nyayo za fisi. Chini akaandika: "Huu mlango haujafunguliwa miezi. Ngoja niulize sokoni."

Miezi! Na Ijumaa iliyopita aliongea na nani? Haki ya Mungu, Kioko aliogopa mpaka akaketi sakafuni kwa watu. Alimwona mamake shimoni, alimwona kichakani, alimwona akiita majirani ambao yeye mwenyewe ndiye aliyewabuni. Kwamboka akamshikia simu.

Saa tisa ikalia. Namba ngeni, ya Kenya.

"Kioko mwanangu, ni mimi."

"Mama! Uko wapi? Uko mzima?"

"Mzima. Njenga amenikuta huku sokoni, kwa Virginia wa kibanda cha chakula; simu hii ni yake. Nalala kwake tangu Machi."

"Machi?"

"Usinikasirikie. Nyumba ni nzuri, lakini usiku naiogopa. Ulinijengea nisiogope mvua. Ningekwambiaje naogopa nyumba? Kwa hiyo kila Ijumaa natembea mpaka pale, nakaa barazani, unapiga, unasikia pametulia, roho yako inatua. Leo asubuhi korongo lilifurika, sikuweza kuvuka. Nikaizima simu, maana ungesikia kelele za hapa ungejua."

Kweli, kelele zilikuwepo. Watoto walikuwa wakigombana, sufuria zikigongana, mtu akaitisha chapati mbili na chai. Kioko akaibana simu sikioni, akasikiliza.

"Hunisikii vizuri, eh?" mama akasema. "Ngoja nitoke nje, kulikotulia."

"Usitoke, Mama," Kioko akasema. "Kaa hapohapo."