Diski Niliyoificha Chini ya Vitenge

Kwa miezi mitatu niliapa kwamba umeme ndio uliofuta sauti za wazee wa Pweto. Si kweli. Ni mimi.

Kompyuta ya kituo chetu cha utamaduni ina diski mbili. Kinachoandikwa kwenye moja huandikwa pia kwenye nyingine. Mimi na shahada yangu, kwa kuogopa wezi, nilichomoa moja nikaificha kabatini nyumbani, chini ya vitenge. Kompyuta ikaendelea na iliyobaki, nasi tukawarekodi wazee mwezi mzima. Mmoja wao ameshafariki.

Kisha nikairudisha. Kompyuta ikauliza ifuate diski ipi. Nikachagua yangu, kwa kuwa ndiyo iliyotunzwa vizuri! Ikanakili ya zamani juu ya mpya, na sauti zote zikapotea.

Juzi fundi tuliyempa kompyuta aichunguze alipiga simu. Mkurugenzi akaiweka mezani tusikie sote.

“Directeur, courant ya umeme munaisingizia bure,” fundi alisema akicheka. “Mashini inaandikaka yote yenye watu wanaifanyia. Disque moja ilitoka siku moja ya vendredi, ikarudia kisha mwezi muzima kupita. Muulize ule mwenye iko na funguo ya bureau.”

Ufunguo wa ofisi ulikuwa unaning’inia shingoni mwangu.