Tulipu Nyeupe za Dirishani kwa Siem

Siem hajawahi kutazama ua akafurahi. Nasema hivi mimi Afra, jirani yake wa ua kwa ua miaka ishirini na saba, wala sisemi kwa chuki, ingawa chuki nilikuwa nayo, tena ya kutosha.

Kazi yake ilikuwa kutafuta wagonjwa. Si watu, tulipu. Hapa kwetu Uholanzi, nyuma ya matuta ya mchanga wa pwani, mashamba ya tulipu yana watu wa kazi hiyo. Ugonjwa huletwa na vidukari, wadudu wadogo wa kufyonza majani, ukaingia kwenye kitunguu, ile mbegu ya tulipu iliyo udongoni, na ua jekundu likachanua na michirizi myeupe. Mgeni akiliona husema, jamani, zuri hilo! Siem akiliona hulichimba, kitunguu na vyote, akalitia ndooni. Miaka arobaini na moja alitembea shambani kila Aprili na Mei, jua kalipa mgongo, mwavuli mweusi mkononi hata siku isiyo na tone la mvua, kwa sababu jani lenye ugonjwa husomeka vizuri kivulini.

Mtu wa namna hiyo akistaafu, jicho lake halistaafu. Mkewe, Trijn, alijaribu. Alituburuta wote wawili mpaka bustani ya umma, eti twende tukatazame maua kama watu wengine. Watu walikuwa wamejaa, wanapiga picha, watoto wanalamba aiskrimu. Siem anapita ananong'ona: "Huyu mgonjwa. Huyu naye simwamini." Mara nikamwona kavuka kamba, kisu cha mfukoni kimeshazama udongoni.

Mlinzi akaja mbio. "Mzee, unaiba maua?"

"Kuiba? Ninakuokoa, bwana mdogo!"

Tulitolewa nje hata kahawa hatujanywa. Trijn alicheka mpaka akaketi chini kando ya njia. Kisha akamnyooshea mume wake kidole. "Sikiliza, Siem. Tulipu zangu nyeupe za dirishani, hizo huzigusi. Hizo si wagonjwa wako."

Trijn alifariki miaka minne iliyopita, mwezi Novemba. Nyeupe zake alikuwa ameshazipanda, na Aprili zikachanua bila yeye.

Sasa, nyuma ya nyumba zetu kuna mfereji, na ng'ambo ya mfereji ni shamba la Gerbrand, mtoto wao wa pekee. Aprili ile ile michirizi ilianza kutokea, na daima upande ule wa karibu na nyumba zetu. Mwaka uliofuata ikaongezeka. Wakaguzi wa mazao wakamwambia Gerbrand wazi: ikizidi, vitunguu vyako vyote tunavikataa. Na vikikataliwa, shamba linauzwa. Ni shamba la babu yake.

Siem alikuwa ameshanigeukia mimi tangu Aprili ile ya kwanza. Nilikuwa na tulipu nyekundu kando ya uzio, safu moja tu, raha yangu ya mwaka mzima. Mwaka wa kwanza alichimba nne. Wa pili, tisa. Wa tatu nilitoka kanisani nikakuta udongo mtupu.

"Wewe mzee! Maua yangu yako wapi?"

"Ndooni."

"Ala! Hata hodi?"

"Mgonjwa hapigiwi hodi, Afra."

Nilimtukana matusi ambayo padri wangu hajui kama ninayajua. Na mwaka huu, kwa ukaidi, nilipanda viazi safu nzima. Tulipu sikupanda hata moja.

Juzi Gerbrand akaja jikoni kwangu, uso umemwisha damu. Michirizi imerudi, mingi kuliko mwaka jana, na wakaguzi watakuja Alhamisi. Hakugusa hata biskuti. Hata sijamjibu, nikamwona baba yake kupitia dirisha, yuko katikati ya viazi vyangu na mwavuli wake, anachungulia nyuma ya pipa la taka.

Nilitoka nje. "Unatafuta nini huko?"

"Umezificha wapi?"

"Nifiche nini? Nimepanda viazi, mwanaume wewe!"

"Basi umepanda nyeupe mahali fulani. Nyeupe ndiyo hatari. Ua lake halina rangi ya kuharibika, kwa hiyo halikiri kitu. Unaweza kukaa nayo miaka, inaambukiza shamba zima, na wewe unasema zuri, zuri. Mpaka usome jani."

Nyeupe. Nikamtazama, na shaka ikanipanda mimi sasa. Huyu ambaye amekagua maua ya kanisa, ya shule, hata yaliyowekwa juu ya makaburi, mbona kila Aprili hutoka kwake kwa mlango wa nyuma? Mbona baiskeli yake huizungusha nyumba nzima ili asipite chini ya dirisha la jikoni kwake?

"Siem," nikasema, "za Trijn umeshazisoma?"

"Za Trijn ni nzima."

"Umezisoma?"

"Nimekwambia ni nzima!"

"Nyani haoni kundule, mzee wangu. Lete huo mwavuli."

Nilidhani atanipiga nao. Gerbrand alikuwa amesimama mlangoni kwangu, na Siem akamwangalia mwanawe. Kisha akanipa mwavuli.

Tukazunguka mpaka chini ya dirisha lake. Tulipu kumi na nane, nyeupe pe, zimefunguka zote. Mimi nilishika kivuli, yeye akapiga magoti na kuinua jani la kwanza kwa vidole viwili. Hata mimi niliiona: mistari ya kijivu, hafifu, inakwenda na urefu wa jani. Akashika la pili. La tatu. La nne hakulishika.

Akanipa chombo chake cha kuchimbia, kile chenye mpini uliolika umbo la kiganja chake. "Chimba wewe, jirani. Za kwako nilichimba mimi."

Miaka mitatu nilikuwa nimeiombea siku hiyo, na ilipofika sikuitaka. Nilichimba huku nalia, yeye ameshika ndoo. Nilipofika ya mwisho, iliyokuwa pembeni kabisa chini ya bomba la maji, nikailaza, nikavuta majani makavu juu yake na kuinuka kana kwamba nimemaliza.

Siem aliitazama ile ndoo. Alijipangusa macho kwa mkono wa koti, akainama, akayaondoa majani.

"Na huyu, Afra," akasema.