Mbao Nne za Sista

Nilijifunza kuteleza juu ya theluji nikiwa na miaka thelathini na moja, na aliyenifundisha alikuwa mwanamke wa miaka themanini na mbili ambaye hakuweza kuvaa soksi bila msaada. Soksi hizo nilimvalisha mimi. Ndiyo kazi iliyonipeleka kwake.

Kabla ya hapo nilikuwa muuguzi msaidizi katika kliniki ndogo mjini Isiolo, mpaka mwenye kliniki alipohamia Meru akaondoka na vitanda. Miaka hiyo serikali za kaunti zilikuwa bado changa, na kila mtu mtaani kwetu Chechelesi alikuwa amepeleka bahasha ya kaki kwenye ofisi fulani na anasubiri kuitwa. Na mimi nilisubiri. Jumapili moja baada ya misa padre akaniita kando. Alisema kuna mzungu mmoja aliyekuwa muuguzi kule Garbatulla kwa miaka kumi na tisa. Sasa amezeeka, amerudi kwao milimani Ulaya, amevunjika nyonga, na anatafuta mtu wa kumtunza. Alikuwa na masharti mawili: mtu huyo awe anatoka Isiolo, na asiwe mwoga. Padre alisema sharti la kwanza anaweza kulithibitisha.

Mama alimkumbuka. Watu wa upande wetu walimwita Sista, ingawa hakuwa mtawa. Alikuwa akiendesha gari la zahanati mwenyewe na kuwagombeza wanaume waliochelewa kuwaleta wake zao. Mama aliniuliza kama huko kuna baridi. Nikamwambia kidogo.

Nilipofika, mwanzoni mwa mwezi wa kumi na moja, Sista alikuwa ameketi dirishani na blanketi magotini. Kiswahili chake kilikuwa kile cha barabara ya Garbatulla, kimechanganyika na Kiborana na hakijawahi kusumbuliwa na sarufi. Hakuniuliza safari ilikuwaje. Aliuliza kama mvua imenyesha Garbatulla. Nikasema bado. Akatikisa kichwa kama mtu aliyetarajia vizuri zaidi kutoka kwangu.

Asubuhi ya tatu alinipa bakuli tupu la supu akaniambia nitoke nje, nipande mpaka mteremko ulio nyuma ya nyumba, nichote theluji ya chini, si ile ya juu. Nilidhani ni ya kukanda nyonga. Nilipoileta aliifinya kwenye ngumi, akafungua vidole akaitazama, kisha akaweka kidogo ulimini.

"Imekauka vizuri," akasema. "Leo ni siku ya kuanza."

Nikauliza nani anaanza.

"Wewe. Mimi siwezi, na mbao ziko hapo zinazeeka bure."

Mbao zilikuwa nne, zimetundikwa kwenye ukuta wa stoo. Hazikuwa zile pana ambazo vijana wa kijiji kile walisimama juu yake kiubavu, wamevaa viatu laini. Hizi zilikuwa nyembamba na ngumu. Ulizipanda ukiwa umevaa buti za plastiki zisizokunja kifundo, miguu imeelekezwa mbele, mmoja nyuma ya mwingine. Kisha ukashuka mlima ukilaza ubao upande mmoja mpaka makali yake ya chuma yazame, halafu upande wa pili, na nyuma yako unaacha mstari uliopinda. Sista aliita kazi hiyo kukata. Alisema hao vijana wanateleza tu.

Alinisimamisha juu ya kila ubao sakafuni, akainama kadiri nyonga ilivyomruhusu, akakagua kama vidole na visigino vyangu vinachungulia nje. Vikichungulia, alisema, vitagusa theluji ubao ukilala, na utaruka kama gunia. Mrefu kuliko zote ulikuwa wa mteremko mpana, saa za asubuhi, trekta likishapita kuichana theluji ikabaki na mistari kama kitambaa cha kodrai. Mfupi ulikuwa wa njia nyembamba au siku ya barafu, kwa sababu unapinda haraka. Ule mpana kidogo na laini ulikuwa wa mwisho wa msimu, jua likishaifanya theluji kuwa uji. Wa nne ulikuwa na makovu kila mahali na ulikunjika kwa urahisi. Nikauliza huo ni wa nini.

"Huo ni wa wajinga," akasema. "Chukua huo."

Nilianza kwenye mteremko wa watoto. Wanafunzi wenzangu walikuwa na miaka mitano na walinipita. Sista alikaa kwenye roshani na darubini, simu mkononi, nami nilikuwa na kisikizio sikioni chini ya kofia. Kila nilipoanguka alisubiri niinuke ndipo aseme. Kwa wiki mbili alisema kitu kimoja: kwamba naangalia miguu yangu badala ya ninakokwenda, na miguu haijaenda popote. Baada ya hapo akaanza kusema kingine, kwamba nisiupinde ubao kwa nguvu. Nikunje magoti, niulaze, halafu ningoje. Kungoja ndiko kulinishinda. Mtu anayeteremka kwa kasi kuelekea uzio hapendi kungoja.

Siku nilipoweza, nilisikia kwanza kimya. Ule mkwaruzo wa siku zote haukuwepo. Ubao ulizama upande wa kulia, ukanizungusha wenyewe mpaka nikawa natazama tena mlimani, ukasimama. Nyuma yangu palikuwa na mstari mmoja.

"Rudia," Sista akasema.

Mwezi wa pili mvua ilinyesha ikafuatwa na baridi kali, na asubuhi yake bakuli lilirudi na vipande vilivyogonga kama mawe. Sista aliagiza ubao mfupi uletwe mezani jikoni, akavaa miwani, akanoa makali kwa tupa, taratibu, toka ncha mpaka ncha, akijaribu kwa ukucha mpaka makali yakakwangua unga mweupe. Akaniambia barafu haitaki nguvu wala haraka. Nikunje magoti niwe chini, nisiinamie mlima hata moyo ukitaka. Moyo ulitaka. Nikainamia mlima, ubao ukaniponyoka, nikashuka kwa kiuno mbele ya mgahawa mzima. Mara ya nne nilifika chini nimesimama. Jioni yake Sista alinipaka dawa kwenye kiuno, nami nikampaka kwenye nyonga.

Kwa theluji mpya, ile ya kina inayoanguka usiku kucha, hakuwa na ubao wowote. Ubao mwembamba huzama pua ndani yake. Siku hiyo, alisema, mtu hukaa nyumbani akanywa chai. Lakini asubuhi moja jua liliwaka juu ya theluji mpya ambayo hakuna aliyeikanyaga, Sista akiwa amesinzia, nami nikachukua ule mrefu kuliko zote. Nilikwenda hatua kama ishirini. Pua ikazama, na mimi nikazama nayo, kichwa chini, buti zikiwa juu zimefungwa kwenye ubao. Wanaume wawili wazee walinichimbua kwa mikono. Mmoja alinipangusa uso kwa kitambaa chake.

Niliporudi nyumbani Sista alikuwa macho na darubini ilikuwa mapajani. Aliomba chai. Alipomaliza kikombe akaniambia kwamba mwaka wake wa pili Garbatulla, mtu mmoja wa pale alimwambia asivuke laga, ule mto mkavu wa msimu, kwa sababu juu kulikuwa kumenyesha. Yeye akavuka. Gari lilikaa kwenye matope siku tatu.

Nikauliza alifanya nini siku hizo tatu.

"Nilizalisha watoto mbili," akasema. "Hakukuwa na kazi ingine."

Ilipofika mwezi wa tatu theluji ilianza kulainika. Nilitumia ule ubao mpana, nikisimama katikati bila kuegemea mbele, na kufikia saa sita mchana nilikuwa nimerudi, maana baada ya hapo ilikuwa kama kukata ugali. Ni wakati huo Sista aliponiambia anataka kushuka na ubao, yeye mwenyewe, mara moja tu.

Nilikataa. Nilikataa siku nne mfululizo. Nilimkumbusha nyonga, nikamkumbusha daktari, nikamkumbusha kwamba mimi ni muuguzi. Hakubishana. Siku ya tano, nilipokuwa nikimvalisha soksi, alisema kwa sauti ya kawaida tu kwamba mwakani hatakuwa na mguu wa kuuliza swali hilo. Nilimtazama. Nilikuwa nimemwogesha kwa miezi mitano na nilijua anasema kweli.

Tulikwenda saa mbili asubuhi, mteremko wa watoto ukiwa mtupu. Aliinama kwa fimbo, akachota theluji mwenyewe, akaifinya. Akachagua ubao wa wajinga. Kumvalisha buti kulituchukua dakika arobaini. Nilimsimamisha, nikashuka hatua chache chini yake ili akianguka aniangukie mimi, na kusema kweli niliomba Baba Yetu yote, na nikarudia.

Sista alikunja magoti kidogo. Akatazama mahali anapokwenda. Ubao ukalala kushoto, akangoja; ukalala kulia, akangoja. Kisha akasimama, mwenyewe, karibu na uzio. Nilimkimbilia. Bila fimbo hakuweza kuinama kufungua vifungo vya ubao, nikamfungulia.

"Basi," akasema.

Nikageuka kutazama alama zake. Mistari yangu siku zote ilikuwa na upana wa kiganja. Yake ilikuwa miwili, myembamba kama iliyochorwa kwa sindano, na haikuwa na mahali ilipotetereka. Niliona wivu. Kisha nikaona hofu yote niliyokuwa nimeiweka kando, na machozi yakatoka. Nikamwambia ni jua. Akasema jua la mwezi wa tatu lina tabia hiyo.

Nilikaa naye miaka miwili, ndipo mpwa wake akastaafu akaja kuishi naye, na mimi nikarudi nyumbani. Alinipa ule ubao mfupi na buti. Nikamwambia Isiolo hakuna theluji. Akasema anajua, aliishi huko.

Chechelesi, majirani walikuja kuutazama. Wengi waliamua ni ubao wa kupigia pasi ambao miguu yake imepotea safarini. Mama, aliyekuwa amesikia habari zangu zote kwa simu, aliwaunga mkono, kwa sababu ilikuwa rahisi kueleza.

Mwezi uliofuata nilikwenda kwa kaka yangu anayefuga mbuzi upande wa Gotu. Karibu na mto kuna ukingo mrefu wa mchanga, umesimama vizuri, na nilikuwa nimeufikiria tangu nikiwa kwenye ndege. Nilivaa buti za plastiki katika joto la Gotu, nikajifunga, nikakunja magoti, nikalaza ubao, nikangoja. Niliendelea kungoja. Mchanga ulikuwa umeushika ubao kama deni la ukoo. Kaka yangu alikuwa ameegemea fimbo, ananitazama.

"Hii ndiyo ulikuwa unafanya huko?" akauliza.

"Ndiyo."

"Na walikuwa wanakulisha?"

"Vizuri sana."

Akakubali kwa kichwa, akaenda kuwatazama mbuzi.

Nilimpigia Sista simu, nikamuuliza kwa nini ubao haushuki. Nilitarajia acheke, lakini alilichukua swali kwa uzito wote. Alitaka kujua kama mchanga ni wa punje kubwa au laini, kama chini yake kuna unyevu, na ukiufinya unashikana au unamwagika. Nikafinya, nikamweleza. Akasema makali hayana kazi hapo. Nisahau kukata, nipake upande wa chini wa ubao nta ya mshumaa, niegemee nyuma, nishuke moja kwa moja. Nilifanya hivyo kwa mishumaa miwili ya kaka yangu, nikaenda hatua kama kumi. Kisha kaka yangu akaomba kujaribu. Alisimama juu yake na viatu vyake vya matairi, bila kufungwa na chochote, akaenda kumi na nne. Tangu siku hiyo amekuwa akinipa ushauri.

Mwaka uliofuata nilipata kazi hospitalini Isiolo. Nilikuwa wodini, nabadilisha shuka, mpwa wake aliponipigia. Sista alikuwa amefariki asubuhi hiyo kwenye kiti chake cha dirishani. Nilimaliza kile kitanda, na kingine kilichofuata, kisha nikamwomba mkuu wa zamu ruhusa.

Mama hakulia. Alijifunga leso akatoka kwenda kuwaambia watu, na kufikia Jumamosi habari zilikuwa zimefika Garbatulla. Watu kumi na mmoja walikuja nyumbani kwetu. Wengine walisema salaam aleikum mlangoni na wengine habari, wakaketi pamoja, padre akaomba, na mwalimu mmoja wa madrasa akaomba. Walisimulia kuhusu gari, kuhusu sindano, kuhusu alivyogombeza. Zamu yangu ilipofika nilieleza kuhusu bakuli na ile mistari miwili. Walinisikiliza kwa heshima, kama mtu anavyosikilizwa akieleza ndoto yake.

Mama mmoja Mborana, aliyekuja juu ya lori la mbuzi kutoka Garbatulla, aliniuliza kama Sista huko kwao alikuwa na watu.

Nikamwambia alikuwa na mpwa, na kwa miaka miwili alikuwa na mimi.

"Basi alikuwa na watu," akasema, akanyoosha kikombe aongezewe chai.