Sufuria ya Mgeni

Mwanangu, kila nikiona msichana anaosha chombo kwa maji ya kikombe kimoja, naikumbuka siku moja ya mwaka ule uliofuata mafuriko ya El Nino. Nilikuwa mke mgeni katika kijiji karibu na Garsen, mtoto wangu wa kwanza mgongoni.

Maji yalikuwa yamechukua mbuzi wetu wote, na titi langu halikumshibisha mtoto. Aliishi kwa kibuyu cha maziwa alichokuwa akileta kila siku Halima, mama wa Kiorma, rafiki wa mavyaa wangu tangu usichana wao. Halima alikuwa hali samaki. Alikulia kwenye ng'ombe. Harufu ya samaki tu ilimfukuza. Kwa hiyo mavyaa alikuwa na sufuria mbili: moja ya kambare, na moja ya mgeni, aliyoiweka juu ya uchaga.

Siku hiyo mavyaa alikwenda shamba, akaniagiza nimpikie Halima matembele. Chakula chepesi hicho, hata mtoto wa miaka kumi anakiweza. Chambua majani machanga, yachemshe kidogo, umwage maji. Kaanga kitunguu na nyanya, tia majani, mwisho tui zito, ukoroge lisikatike. Basi. Sima pembeni.

Niliyapika vizuri. Lakini kupanda kutoa sufuria ya juu niliona taabu. Nikachukua ya kambare, nikaisuuza.

Halima akafika, ametembea tangu alfajiri. Akakata tonge, akachovya, akalifikisha mdomoni, akalirudisha.

"Nimeshiba, binti," akasema. Akaniachia maziwa, akaenda zake na njaa yake.

Mavyaa aliporudi alinusa sufuria kabla hajavua kanga ya kichwani.

"Ndiyo uliyompikia Halima hii?"

"Niliisuuza, mama."

"Uliisuuza au uliionyesha maji? Shombo yote imo! Mkono wako ni mzito kufika kwenye uchaga, lakini kupokea kibuyu ni mwepesi, ee?"

Siku ya pili Halima hakuja. Ya tatu hakuja. Mtoto akalia mpaka sauti ikakauka. Nikadhani mavyaa atanirudisha kwetu, lakini alisema tu, "Mke haachwi kwa kosa moja. Ila mguu uliokosa ndio utakaokwenda."

Nikaisugua sufuria ya mgeni kwa jivu na mchanga mpaka vidole vikachubuka. Nikaitwika, ndani yake unga, nazi na matembele, nikaenda mpaka bomani kwa Halima. Sikujua nianze vipi. Nikatoa vitu, nikamwekea sufuria tupu mapajani.

"Nusa, mama."

Akaingiza uso mzima. "Hii inanuka jivu."

"Jivu unakula?"

"Jivu nakula!" Akacheka mpaka akashika mbavu. Kisha akasema, "Mimi nilidhani nyinyi nimewachosha."

Neno hilo liliniuma kuliko maneno yote ya mavyaa. Nilipika hapo hapo, mbele ya macho yake. Alikula, akapangusa sufuria kwa tonge la mwisho. Nilirudi na kibuyu kimejaa, na mtoto alilala ameshiba. Leo ana watoto wake, na binti wa Halima akija kwangu hamuulizi mtu. Anainua mkono kwenye uchaga na kuishusha sufuria mwenyewe.

Sasa nisikilize, maana sirudii. Matembele, kunde, boga la nazi, yote ni rahisi, na hakuna haya kumpa mgeni chakula rahisi. Haya ni kumpa uvivu wako. Kabla hujawasha moto, jiulize nani atakula na nini kinamdhuru. Ukikosea, usitume mtu. Nenda mwenyewe na sufuria yako kichwani. Mgeni njoo, mwenyeji apone: mimi nilipona.

Mungu akupe kuni kavu na maji karibu, mwanangu, na sufuria yako isikose mtu wa kuipangusa. Amina.